Deni la Walio Hai kwa Wafu Wao

Mtu akifa kijijini, kazi huanza kabla machozi hayajakauka. Wanawake wa jamaa huchota maji, huuosha mwili wa mama aliyefariki, humfumba macho, humvika nguo yake njema, nao huketi kandokando yake wakiimba na kulia. Wanaume huchukua majembe na kwenda kuchimba kaburi. Majirani huleta kuni, unga na maharagwe, kisha hulala kilio pamoja na wafiwa, ili nyumba ile isibaki peke yake usiku. Hakuna anayelipwa mshahara kwa kazi hizo, wala hakuna anayeuliza kwa nini azifanye. Kila mmoja ajua kwamba ni deni. Mama ndiye aliyemwosha mtoto siku alipozaliwa, wakati mtoto hakuweza kujiosha. Sasa mama hawezi kujiosha, na mtoto amwosha mama. Ndivyo deni linavyolipwa.

Desturi hiyo ni njema, na Eklezya haikuja Kongo ili kuifuta. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili ambayo kila mkatekumeni hujifunza. Ibrahimu, baba wa waaminio, alipofiwa na Sara mkewe katika nchi ya ugeni, hakukubali kumzika mahali popote tu. Alinunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, akamzika humo kwa heshima. Maaskofu wa dunia nzima, walipokutana katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, waliagiza mwaka wa 1963 kwamba ibada ya mazishi ionyeshe wazi Pasaka ya mkristu, tena ipatane na hali na desturi za kila nchi. Na katika Misale iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988 kwa ajili ya majimbo ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wahenga wenye moyo mnyofu hutajwa mwanzoni mwa Misa pamoja na watakatifu. Basi mtu asiseme kwamba kuwa mkristu ni kuwasahau wafu.

Lakini zilikuja siku ambapo desturi hiyo njema iligeuka kuwa mlango wa kifo. Hapo likazuka swali zito, na mioyo mingi ingali inalibeba: je, mtoto ambaye hakumwosha mamaye amemnyima haki yake?

1. Ugonjwa uliozuia mikono

Mwaka wa 1976, kwenye misioni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, uliingia ugonjwa ambao waganga hawakuujua. Ulipewa jina la mto Ebola. Kati ya watu 318 walioshikwa, 280 walikufa, na baadhi yao walikuwa masista waliowauguza wagonjwa. Tangu hapo ugonjwa huo umerudi Kongo mara nyingi. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, karibu na Beni, ukaenea mpaka Butembo na Ituri. Haukwisha ila tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa.

Ebola haipiti hewani kama moshi. Hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa. Mgonjwa anapokufa, ugonjwa haufi pamoja naye mara moja. Mwili wake umejaa sumu hiyo kuliko wakati wowote wa ugonjwa wake. Anayeuosha kwa mikono mitupu huipokea, naye hajui. Siku 2 hupita, au 10, au hata 21, ndipo homa inapoanza, na kwa kuwa amewashika watoto wake na kula pamoja na jirani zake, kilio kimoja chazaa vilio vingi. Kwa sababu hiyo serikali na waganga walituma vikosi vya mazishi, watu waliovaa mavazi ya kujikinga toka kichwani mpaka miguuni. Hao ndio waliouchukua mwili, wakautia katika mfuko mzito, wakanyunyiza maji ya klorini, wakazika. Jamaa walitakiwa kusimama mbali.

Wengi hawakukubali. Hasira ilikuwa kubwa, na mahali pengine vikosi hivyo vilipigwa mawe. Watu walipouona mfuko umekwisha kufungwa, baadhi yao waliuliza kama kweli maiti yumo ndani. Mtu aliye mbali aweza kuwaita wajinga. Asiseme hivyo. Waliona deni lao linachukuliwa na wageni, na hawakupewa nafasi ya kulilipa.

2. Mama, binti na katekista

Na iwe mfano. Katika kijiji kimoja upande wa Beni, mama mzee amekufa kwa Ebola. Kikosi cha mazishi kimefika. Binti yake mkubwa, mkatekumeni wa mwaka wa pili, amesimama mlangoni na beseni la maji mikononi. Mjomba wake yuko kando yake. Katekista wa kijiji awajia, asimama hatua chache mbali, awapa pole.

"Mwalimu," asema binti, "mama alinizaa na kuniosha. Nikimwacha azikwe na watu nisiowajua, bila maji, bila mkono wangu, nitajibu nini mbele ya Mungu? Tena watu wanasema mama atakasirika, na nyumba yetu haitaona amani."

Mjomba aongeza: "Nanyi wenyewe mnatufundisha habari za Tobiti. Mfalme alimkataza kuzika wafu, naye akazika, ingawa aliweza kuuawa. Mungu akamsifu. Leo mnatuambia tuogope?"

Katekista hawacheki wala hawakemei. Maneno yao yana mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja lataka jibu lake. La kwanza ni hili: je, roho ya mama itapata hasara kwa kuwa mwili wake haukuoshwa? La pili: je, mtoto mwema hapaswi kuhatarisha maisha yake kama Tobiti? La tatu: ikiwa haoshi, basi deni lake analilipaje?

3. Je, marehemu apata hasara?

Mtakatifu Augustini, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliulizwa swali la namna hiyo zamani sana, na kwenye mwaka wa 421 hivi aliandika kitabu kizima juu ya kuwatunza wafu. Alifundisha kwamba mazishi mazuri huwafariji walio hai, wala si msaada unaomwokoa marehemu. Sala, sadaka na Misa ndizo zinazomsaidia marehemu. Hata hivyo hakusema mwili ni kitu cha kutupwa. Mwili wa mwamini ulikuwa chombo cha Roho Mtakatifu, na kwa hiyo wastahili kuheshimiwa.

Augustini hakujifunza neno hilo vitabuni tu. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa Mwafrika aliyetamani siku nyingi kuzikwa kando ya mumewe huko Tagaste, na alikuwa amejiwekea kaburi. Lakini mwaka wa 387 ugonjwa ulimkuta ng'ambo ya bahari, katika mji wa Ostia karibu na Roma. Mwanawe mmoja alipohuzunika kwamba mama atakufa ugenini, Monika aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasijisumbue kwa ajili hiyo. Aliomba jambo moja tu, nalo ni kukumbukwa kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Alizikwa Ostia, mbali na kaburi alilolitayarisha. Je, mama huyo alipotea? Eklezya yote humwita mtakatifu.

Tena wakumbukwe mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karolo Lwanga na wenzake walichomwa moto. Wengine miongoni mwao walikuwa wamebatizwa siku chache tu kabla ya kufa, kwa maana walikuwa wakatekumeni. Hakuna mama aliyeosha miili yao, wala hapakuwa na kilio kilichopangwa vizuri. Mwaka wa 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu. Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi hashindwi kumwinua kutoka katika majivu, wala kutoka katika mfuko uliofungwa.

Na ile hofu kwamba mama atakasirika? Mama aliyewapenda wanawe hapati chuki kwa kufa. Kama alikuwa mtu wa kuwatakia wanawe uzima alipokuwa hai, hawezi kuwatakia kifo leo. Anayesema kwamba marehemu adai uhai wa wanawe amtukana marehemu.

4. Je, mtoto mwema asihatarishe maisha yake?

Swali la mjomba ni gumu zaidi, nalo halina jibu la haraka. Ni kweli Tobiti alihatarisha maisha yake, na ni kweli Mungu alipendezwa naye. Lakini sharti mambo mawili yapimwe.

Jambo la kwanza: wafu aliowazika Tobiti walikuwa wametupwa nje ya ukuta wa mji, bila mtu wa kuwazika. Kama yeye asingewazika, wangeliwa na wanyama. Mama wa binti huyu hakutupwa. Wako watu waliokuja kumzika, nao ndio wanaoingia katika hatari. Wengi wao ni vijana wa nchi ileile, wenye mama zao na watoto wao. Kijana anayevaa mavazi yale mazito chini ya jua kali, akamchukua maiti asiye wa ukoo wake, huku akiogopa mawe ya wale anaowasaidia, yeye ndiye anayefanya kazi ya Tobiti. Amwagiaye matusi hajui amtukanaye.

Jambo la pili: hatari aliyoichagua Tobiti ilitoka kwa mfalme mwovu, naye aliibeba kwa ajili ya tendo ambalo lisingefanywa na mtu mwingine. Hatari ya Ebola haimpati anayeichagua peke yake. Binti aweza kusema, "Nimekubali kufa kwa ajili ya mama." Lakini mtoto wake mchanga atakayenyonya kesho hakuulizwa. Jirani atakayemwuguza hakuulizwa. Muuguzi wa zahanati hakuulizwa. Mtu aweza kutoa uhai wake mwenyewe kwa upendo, lakini hana ruhusa kutoa uhai wa wengine wasiojua. Amri ya nne yaagiza kuwaheshimu baba na mama. Amri ya tano yakataza kuua. Mungu mmoja ametoa zote mbili, wala hakuna anayeitii ya nne kwa kuivunja ya tano.

Hata watu wa Israeli walikuwa na sheria juu ya jambo hilo. Katika kitabu cha Hesabu imeagizwa kwamba aliyegusa maiti akae siku saba akiwa najisi, na ajitakase siku ya tatu na siku ya saba, kabla ya kurudi kati ya wenzake. Waliwapenda wafu wao kama watu wote wanavyowapenda. Lakini walifundishwa kwamba jamaa nzima ya Mungu ina haki zake pia.

5. Wanawake waliotazama kwa mbali

Basi binti aseme nini na beseni lake? Hapo katekista amkumbusha mazishi ya Bwana mwenyewe.

Yezu Kristu alipokufa, saa ilikuwa imekwenda, na Sabato ilikuwa karibu kuanza. Yosefu wa Arimataya aliuomba mwili kwa Pilato, akauzungushia sanda na kuuweka kaburini, naye Nikodemo alileta manukato. Wanawake waliomfuata kutoka Galilaya, waliomtumikia siku zote, walifanya nini? Mtakatifu Luka aeleza kwamba walifuata nyuma, wakalitazama kaburi, wakaona jinsi mwili ulivyowekwa. Kisha walirudi nyumbani, wakatayarisha manukato, wakakaa kimya siku ya Sabato kama sheria ilivyoamuru. Mikono yao ilitamani kumpaka Bwana mafuta, na sheria iliwazuia. Siku ya kwanza ya juma walikuja alfajiri na manukato yao, lakini walikuwa wamechelewa. Kaburi lilikuwa tupu.

Wanawake hao hawakumpaka kamwe manukato waliyoyatayarisha. Je, upendo wao ulikuwa bure? La. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kusikia habari ya ufufuko. Mungu hakuwauliza habari ya chupa zilizobaki zimejaa. Aliupokea upendo uliozijaza. Basi binti anayesimama mbali, akilitazama kaburi la mamaye na mahali alipowekwa, asidhani kwamba amekuwa mtoto mbaya. Amesimama mahali waliposimama Maria Magdalena na wenzake.

6. Deni lalipwaje?

Hata hivyo, si haki kumwambia mfiwa tu, "Acha." Anayekatazwa kuosha amepoteza kitu cha kweli, na anayemkataza sharti amwachie njia nyingine ya kuheshimu. Mwaka wa 2014, wakati Ebola ilipowaua watu wengi katika Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikaa na watu wa dini, Caritas ikiwamo, na kuandika mwongozo wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima. Maneno hayo mawili hayaachani. Mazishi yenye heshima bila usalama huwaua walio hai, na mazishi yenye usalama bila heshima huwajeruhi, na kesho watawaficha wafu wao.

Kwa hiyo kikosi cha mazishi kina deni lake. Na kifike kwa salamu na pole, kabla ya kuvaa mavazi yanayowatisha watoto. Na kieleze kila tendo. Na kiwape jamaa nafasi ya kumtambua marehemu kabla mfuko haujafungwa, cha kuchagua nguo au sanda itakayowekwa pamoja naye, cha kuchimba kaburi wenyewe pale inapowezekana, na cha kusali. Kaburi lisikose msalaba wala jina.

Jamaa nao wana deni lao, na hakuna ugonjwa uwezao kulizuia. Na walie, kwa maana Yezu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na Yoshua bin Sira ashauri kwamba mtu amlilie marehemu, kisha akubali kufarijiwa. Na wasali. Yuda Makabayo alikusanya drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili dhabihu itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Vivyo hivyo mkristu maskini apeleka kwa padri sadaka yake ndogo, na Misa yasomwa kwa jina la mama. Na walipe madeni aliyoyaacha marehemu, wapatane na waliogombana naye, wawalee watoto wake. Kazi hizo hazihitaji kugusa maiti, na ni nzito kuliko kuosha. Kuosha humalizika saa moja. Kulea yatima huchukua miaka.

Tena jamaa wachunge wasiingize dhambi mahali pa desturi waliyoiacha. Kuna nyumba ambazo, baada ya kaburi kufunikwa, jambo la kwanza ni kumtafuta aliyeloga. Bibi mzee wa jirani anyoshewa kidole, naye hana wa kumtetea. Kuna nyumba nyingine ambazo ndugu wa marehemu hufika na kuchukua masufuria, vitanda na shamba, wakimwacha mjane mikono mitupu, ingawa Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka wa 1987 huwataja watoto kuwa warithi wa kwanza, na humlinda mjane pia. Watu hao waweza kuwa wamemwosha marehemu vizuri sana na kuimba usiku kucha. Lakini wamemwibia. Marehemu hakuachwa na deni lililolipwa, ila na deni lililoongezwa.

Hapa ndipo mkatekumeni apata kipimo cha desturi zote za mazishi, wakati huu ambapo mambo mengi yabadilika: watu wafa mijini mbali na kwao, vita vyawafukuza watu wakayaacha makaburi ya baba zao, na magonjwa yafunga njia. Kila desturi na iulizwe: je, yasaidia kumpenda marehemu na walio hai? Ikisaidia, ishikwe kwa nguvu. Ikiwa njema lakini imekuwa hatari, iachwe kwa machozi, bila aibu, na upendo utafute njia nyingine. Ikiwa inamdhulumu mjane, yatima au jirani, ikataliwe, hata kama ni ya zamani namna gani.

Mkatekumeni na ajue jambo moja zaidi la kumfariji. Sheria ya Eklezya iliyotangazwa mwaka wa 1983 yasema kwamba katika mazishi wakatekumeni huhesabiwa pamoja na waamini. Mtu aliyekuwa akijitayarisha kwa ubatizo, akafa kabla ya siku hiyo, hazikwi kama mgeni. Eklezya humwosha kwa sala zake.

Binti yule aliweka beseni chini. Aliingia chumbani mwake, akatoa kitenge ambacho mama alikipenda, akakikabidhi kwa kijana wa kikosi, naye akakiweka juu ya maiti kabla ya kuufunga mfuko. Mjomba aliandika jina la dada yake juu ya msalaba wa mti. Kisha wote wawili walifuata nyuma, wakasimama mbali kidogo pamoja na watoto, wakalitazama kaburi na kuona mahali alipowekwa. Katekista alianzisha sala, nao wakaitikia.